Afya ya punda: tazama mnyama mzima, si kidonda peke yake

Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Methali hii wengi wetu tumeikuta na tutaiacha. Lakini ukikaa Handeni, Kilindi au bara ya Mkinga wakati wa kiangazi, unajua kwamba punda akifa, mzigo haufiki. Maji hayafiki nyumbani, mahindi hayafiki mashineni, na mama aliyekuwa akitembea na punda wawili kwenda kisimani anarudi kujitwisha ndoo kichwani.

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuhusu punda ni moja: dawa gani ya kidonda cha mgongoni? Tutalijibu. Ila tunaanza kwa kusema wazi kwamba hakuna dawa inayoponya kidonda kinachotwishwa mzigo kila asubuhi. Kidonda kile kimetoka mahali: kwenye kamba, kwenye tandiko, kwenye uzito, kwenye njaa, au kwenye vyote kwa pamoja. Ndiyo maana katika makala hii tunamwangalia punda mzima, kuanzia kwato hadi meno, chakula chake, mwenzake na mapumziko yake.

Mengi tunayoeleza yanamhusu farasi pia, kwa sababu punda na farasi ni wa jamii moja. Lakini huku kwetu mwenye kazi ni punda.

Kwa nini pwani yetu ni ya punda, si ya farasi

Farasi waliletwa Unguja na masultani kutoka Uarabuni, lakini bara hawakuenea. Sababu kubwa mbili zilikuwa wadudu. Wa kwanza ni mbung'o, anayeambukiza nagana, yaani malale ya mifugo. Wa pili ni wadudu wadogo mno wanaouma jioni na usiku, ambao hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugonjwa huo huua farasi wengi wanaoupata. Punda wa Afrika mara nyingi huupata bila hata kuonyesha dalili.

Mkoa wa Tanga una historia yake katika vita dhidi ya mbung'o. Katika taasisi ya utafiti wa mbung'o na malale iliyopo Tanga mjini, mbung'o walifugwa kwa wingi, madume yakapigwa mionzi ili yasiweze kuzalisha, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa cha Unguja kati ya mwaka 1994 na 1997. Jike la mbung'o likishapandwa na dume tasa halizai. Pamoja na dawa zilizotangulia kupakwa mifugo na vitambaa vyenye sumu vilivyotundikwa porini, mbung'o waliisha Unguja.

Bara bado wapo. Anayechunga karibu na mapori ya Pangani na Saadani anawajua kwa maumivu yao. Kwa hiyo punda si mnyama asiyeugua. Anavumilia kuliko farasi, na uvumilivu huo ndio unaotudanganya.

Punda huficha maumivu

Ng'ombe akiumwa utamsikia. Mbuzi akiumwa atalia. Punda husimama kimya. Porini, alikotoka, mnyama aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyeliwa kwanza na fisi au simba. Tabia hiyo haijamtoka.

Matokeo yake ni kwamba siku unapoona wazi kuwa punda anaumwa, mara nyingi ugonjwa umeshakaa siku kadhaa. Hata tumbo likimsokota, farasi hujitupa chini na kugaagaa, lakini punda anaweza kuinamisha kichwa tu na kutulia. Wengine husema, "Leo ametulia, amekuwa mpole." Huo si upole.

Mzoee punda wako akiwa mzima ili umjue akiwa mgonjwa. Angalia mambo haya kila asubuhi kabla ya kumtwika chochote:

- Masikio: yanageuka kufuata sauti, au yamelala pembeni?
- Macho: yana mwanga, au yamefumba nusu na kutoa machozi na tongo?
- Chakula: anakimbilia majani, au anayashika mdomoni bila kutafuna?
- Mavi: ni madonge ya kawaida, au ni makavu sana, au yanaharisha, au hakuna kabisa?
- Miguu: anakanyaga minne sawasawa, au ananyanyua mmoja kila mara?
- Ngozi: pitisha kiganja mgongoni, kwapani, chini ya mkia na kifuani. Pana joto, uvimbe, unyevu au nywele zilizokatika?

Ukaguzi huo hauzidi dakika 5. Ukiufanya kila siku, mkono wako utalijua tatizo kabla ya jicho.

Kidonda cha mgongo kinaanzia wapi

Tufanye hesabu. Punda wetu wengi wana uzito wa kama kilo 120 hadi 160. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake. Kwa punda wa kilo 150, hiyo ni kilo 50.

Sasa angalia dumu la maji. Lita 20 za maji ni kilo 20, ukiongeza na dumu lenyewe. Madumu mawili, moja kila upande, ni kama kilo 42. Hayo anayaweza. Madumu manne ni zaidi ya kilo 80, na hapo umevuka nusu ya uzito wake. Gunia la mahindi la kilo 100 ni kama wewe kumbeba mtu mzima mgongoni na kupanda naye mlima. Atatembea, ndiyo, lakini mgongo, viungo na kwato vinalipa.

Kama una mizigo mingi kwenye njia tambarare, mkokoteni ni bora kuliko mgongo. Kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili, panga mzigo juu ya ekseli, usiulalishe mbele ukamkandamiza punda shingoni wala nyuma ukamnyanyua kifuani. Mteremkoni mkokoteni usio na breki humsukuma punda kutoka nyuma, kwa hiyo punguza mzigo kabla ya kilima, si baada ya kuanguka.

Jambo la pili ni kinachokaa kati ya mzigo na ngozi. Uti wa mgongo wa punda umetokeza juu na hauna nyama ya kuukinga. Mzigo ukikaa moja kwa moja juu ya mfupa, ngozi hukosa damu, hufa, kisha hupasuka. Tandiko zuri lina mito miwili, mmoja kila upande wa uti, na katikati pameachwa mfereji ili hewa ipite na mfupa usiguswe.

Mito hiyo inaweza kushonwa nyumbani. Chukua gunia la katani au kitambaa kizito cha pamba, jaza nyasi kavu laini au matambara, shona imara. Kiroba cha plastiki kisigusane na ngozi, kwa sababu hakinyonyi jasho na huchubua. Shogi za ukili, zile za wazee wa pwani zinazoning'inia pande zote mbili, bado ni chombo kizuri ikiwa chini yake kuna mto na pande zote zimejazwa sawa.

Jambo la tatu ni kamba. Sisi tunatoka kwenye mkoa wa mkonge, na kamba ya katani haikosekani. Ina nguvu, lakini ikipita chini ya mkia, kwapani au tumboni inakata kama msumeno, na ya manila ni mbaya zaidi. Ifunge kwa kitambaa cha pamba kila inapogusa ngozi, au tumia mkanda mpana uliotokana na mpira wa ndani wa gurudumu uliovishwa kitambaa. Mkanda mpana husambaza uzito, kamba nyembamba huukusanya mahali pamoja.

Jambo la nne ni usafi. Tandiko lenye jasho lililokauka huwa gumu kama ganda. Lianike juani kila siku, lifue mara kwa mara, na mpige punda brashi au mpanguse kwa mkono kabla ya kulifunga. Punje moja ya mchanga chini ya mto inatosha kufungua kidonda kabla hamjafika kisimani.

Na kidonda kikishafunguka? Mpumzishe kubeba mpaka ngozi ifunge. Osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Ondoa uchafu taratibu. Zuia nzi. Kama kuna usaha mwingi, harufu, mabuu au uvimbe unaoongezeka, mwite mtaalamu wa mifugo.

Tunajua kupumzisha ni kugumu kwa anayemtegemea punda mmoja. Lakini kidonda kidogo kinachopumzishwa mapema hufunga haraka. Kinachotwishwa mzigo huchukua miezi, na wakati mwingine hakifungi tena.

Kwato: bila mguu hakuna punda

Kwato hukua maisha yote kama kucha za mtu. Punda wa asili alitembea kwenye mawe na kuzisaga mwenyewe. Punda anayefungwa kwenye uwanja laini, au anayekaa kwenye matope ya masika, hazisagiki. Zinarefuka mbele kama viatu vilivyopinda, na hapo mishipa ya nyuma ya mguu huvutika kila hatua.

Zipunguzwe na mtu anayejua, kila baada ya wiki 6 hadi 10. Wewe kazi yako ya kila siku ni kunyanyua mguu na kutoa mawe, miiba na mavi kwa kijiti butu, ukianzia kisigino kuelekea mbele. Ukisikia harufu ya kuoza na kuona uteute mweusi pembeni ya ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu, ni unyevu umeingia. Safisha, kausha, na mtafutie punda mahali pakavu pa kusimama usiku. Wakati wa masika, hata jukwaa dogo la changarawe linaokoa kwato.

Punda anayekataa ghafla kukanyaga mguu mmoja huenda ana usaha ndani ya kwato. Hilo halitibiwi kwa kumchoma chuma cha moto begani au gotini, kama wengine wanavyofanya. Kuchoma kunaongeza kidonda cha pili juu ya tatizo la kwanza, ambalo liko chini kabisa, kwatoni.

Maji, majani na meno

Punda anahitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, na zaidi akifanya kazi juani. Ni ajabu iliyo ya kawaida: mnyama anayebeba maji ya kaya nzima, mwenyewe anarudi na kiu. Mpe maji kabla ya kazi, katikati ya kazi na baada ya kazi. Tena ni mchaguzi. Maji machafu au yenye harufu anaweza kuyakataa hata akiwa na kiu, kwa hiyo ndoo yake isafishwe.

Tumbo la punda limeumbwa kwa nyasi kavu nyingi zinazoliwa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Punda anayebeba mchana kutwa na kufungiwa usiku bila majani hana saa ya kula. Hata ukimpa debe la pumba, hujamshibisha, na pumba nyingi kwa mkupuo zinaweza kumsokota tumbo. Mwekee majani makavu au mabua ya mahindi usiku, na mpe saa za kuchunga mchana. Jiwe la chumvi la kulamba humsaidia kurudisha alichopoteza kwa jasho.

Kama anadondosha majani aliyotafuna nusu, au mdomo unanuka, angaliwe meno. Meno ya punda huendelea kuota na kusagika, na pembeni hubaki ncha kali zinazokata shavu na ulimi. Wengi humwona punda amekonda wakampa dawa ya minyoo mara mbili, mara tatu, kumbe anashindwa kutafuna.

Hapa kuna jambo ambalo kila mfugaji alijue. Punda asipokula, hasa aliyenenepa, mwenye mimba au anayenyonyesha, mwili wake huyeyusha mafuta kwa kasi na kuyamwaga kwenye damu. Mafuta hayo huharibu ini na figo, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo punda aliyekataa chakula siku nzima ni dharura. Usingoje kesho kutwa.

Na mifuko ya plastiki iondolewe anapochungia. Imeziba matumbo ya punda wengi wanaojitafutia kwenye majalala.

Punda si ng'ombe mdogo

Makosa mengine hufanywa na mfugaji mwenye nia njema kabisa. Ana ng'ombe, ana mbuzi, ana punda. Dawa imenunuliwa ya ng'ombe, kidogo imebaki, anampa punda. Hapa lazima tuonye.

Dawa ya kuogeshea ya amitrazi, ambayo kwenye chupa huandikwa amitraz, hutumika sana kuua kupe wa ng'ombe. Kwa punda na farasi ni hatari. Inaweza kusimamisha mwendo wa utumbo, chakula kikaganda ndani. Usimpitishe punda kwenye josho bila kuuliza ni dawa gani imo. Kupe wachache unaweza kuwatoa kwa mkono, hasa ndani ya masikio na chini ya mkia. Wakiwa wengi, muulize mtaalamu dawa inayomfaa punda.

Dawa ya nagana iliyozoeleka kwa ng'ombe, diminazeni, punda na farasi huivumilia vibaya. Kipimo kilichozidi kidogo kinaweza kuwadhuru. Ichomwe na mtaalamu wa mifugo baada ya kumpima punda, siyo na jirani mwenye sindano.

Chakula cha kuku cha dukani wakati mwingine huwekwa dawa ya kuzuia kuharisha damu, kama monensini. Kuku hana tatizo nayo, lakini kiasi kidogo tu chaweza kuharibu moyo wa punda au farasi. Chakula cha kuku kiwe cha kuku.

Mahindi yaliyoota ukungu tusiyaone kuwa "ya kumpa punda". Aina fulani ya ukungu wa mahindi hutoa sumu inayoyeyusha ubongo wa punda na farasi. Huanza kuyumba, kuzunguka, kugonga ukuta kama kipofu, kisha hufa. Hakuna dawa.

Pepopunda na dharura nyingine

Kiswahili kiliuita ugonjwa huu pepopunda, na jina lenyewe limebeba neno punda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi, huingia kwenye kidonda kirefu kama cha msumari au mwiba, na punda na farasi ni wepisi kuupata kuliko mifugo mingine mingi. Punda hukakamaa, masikio na mkia husimama, taya hujifunga, hushtuka kwa sauti ndogo. Chanjo ipo. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako namna ya kuipata, maana kuzuia ni rahisi kuliko kutibu.

Mnyama aliyeng'atwa na mbwa au fisi, kisha akabadilika tabia, akauma ovyo au akashindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni mwake. Toa taarifa. Kama wewe umeng'atwa au kurukiwa na mate kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji mengi dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma asipasuliwe. Inaweza kuwa kimeta, ambacho huua watu pia.

Ukimpigia simu mtaalamu, mpe hesabu, si "anaumwa" tu. Punda mzima aliyepumzika huwa na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.8, hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika, na moyo hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika. Pumzi unaweza kuzihesabu kwa kutazama ubavu ukipanda na kushuka, ukiwa na simu yenye saa mkononi. Piga na picha ya kidonda ukaitume. Afisa mifugo wa kata akiijua hali kabla ya kupanda pikipiki, atakuja na dawa inayotakiwa.

Dawa za asili: zipi tuzishike, zipi tuziache

Kumtunza mnyama mzima hakumaanishi kuzikataa dawa za asili, wala kuzikubali zote. Maji ya chumvi tumeshayataja. Asali safi ikipakwa kwenye kidonda kilichooshwa huzuia vijidudu na husaidia ngozi mpya kuota, ila ifunikwe kwa kitambaa ili isivute nzi na nyuki. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa hutumika kupaka pembeni ya kidonda kuwafukuza nzi, na moshi wake bandani jioni hupunguza wadudu wanaouma, mradi banda liwe na hewa.

Ziachwe kabisa: oili chafu ya gari, asidi ya betri, mafuta ya taa, na unga wa betri za redio. Hivi huchoma nyama hai na kumtia punda sumu. Kidonda huonekana kimekauka juu, kumbe chini kinaoza.

Dawa ya asili isiwe sababu ya kuchelewa. Ikiwa siku ya pili hakuna nafuu, au hali inazidi, mwite mtaalamu.

Mwenzake, mapumziko na fimbo

Punda ni mnyama wa wawili. Hushikamana na mwenzake, hukunana shingo, husimama pamoja kivulini. Akiuzwa mmoja ghafla, aliyebaki anaweza kuzira chakula, na tumeshaona hatari ya punda asiyekula. Mwenzake akifa, mwache aukaribie mwili kwa muda kabla ya kuuzika. Anaacha kumtafuta mapema. Ila ukishuku kimeta au kichaa cha mbwa, mtenge mara moja.

Kugaagaa mavumbini nako si uchafu. Ndivyo anavyojikuna, kukausha jasho na kufukuza wadudu. Mpe sehemu kavu ya kugaagaa kila anapofunguliwa tandiko.

Mpe siku moja kamili ya kupumzika kila wiki na saa za kivuli mchana jua linapochoma. Asianze kubeba kabla ya miaka 3, na mizigo kamili ingoje miaka 4. Punda jike hubeba mimba kama miezi 12. Mzigo upungue, na miezi 3 ya mwisho usiwepo kabisa. Akizaa, mpe miezi 3 mingine ya kunyonyesha.

Kuhusu fimbo: punda akisimama, kwa kawaida ana sababu. Ameona kitu, ameumia, amechoka, au njia haimridhishi. Anasimama afikiri, wakati farasi angekimbia. Ukimpiga hapo, humfundishi njia, unamfundisha kukuogopa. Na wanaosema asante ya punda ni mateke wangeangalia kwanza alipewa nini kabla ya kurusha teke.

Tunachoweza kujifunza Lamu

Juu ya pwani hii hii, nchini Kenya, mji wa kale wa Lamu una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mawe ya ujenzi, mchanga, maji na vyakula hupita mgongoni mwa punda. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza limekuwa na kliniki pale inayotibu punda bure. Kuna pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri zaidi, na mwenye punda hushindana kwa ngozi isiyo na kidonda, si kwa mbio tu.

Huko sifa ya mwenye punda huonekana kwenye mgongo wa punda wake. Vikundi vya wafugaji vya Kilindi au Mkinga vinaweza kufanya hivyo siku ya mnada bila kungoja shirika: kumkagua kila punda, kumsifu mwenye mgongo safi, na kumwonyesha mwingine namna ya kushona mto.

Sheria na soko la ngozi

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Punda wamo.

Kuna tishio lingine ambalo halitibiwi kwa dawa. Ngozi za punda huchemshwa China kutengeneza ejiao, dawa ya kienyeji yenye soko kubwa. Soko hilo lilileta machinjio ya punda katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo yetu, na wizi wa punda usiku vijijini. Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Sababu yao ni ya hesabu. Jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mmoja, na mtoto anangojewa miaka 3 au 4 kabla ya kufanya kazi. Punda aliyeibwa leo hawezi kupatikana upya mwakani. Fedha ya ngozi moja huisha upesi, na ndoo inarudi kichwani mwa mama.

Ya kukumbuka

- Mkague dakika 5 kila asubuhi kabla ya mzigo.
- Mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake: madumu mawili, si manne.
- Mito miwili, uti wa mgongo uwe huru, kamba ivishwe kitambaa.
- Kwato zisafishwe kila siku, zipunguzwe kila wiki 6 hadi 10.
- Maji mara tatu, majani usiku, mapumziko siku moja kwa wiki.
- Asiyekula siku nzima ni mgonjwa wa dharura.
- Dawa ya ng'ombe si dawa ya punda mpaka mtaalamu aseme.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda ukapitishe kiganja mgongoni mwa punda wako. Pakiwa pakavu na laini, mnaelewana. Pakiwa na joto au unyevu, kesho mzigo upungue, na kazi ianzie kwenye tandiko.